Mvua ya Siku ya Tisa

Msomaji mmoja anayeishi bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, ameniletea ujumbe: "Kaka, jana imenyesha rasharasha tu, maji yakaingia mpaka chumbani. Wiki iliyopita ilipiga usiku kucha hayakuingia. Imekuwaje?" Kati ya maswali yote ya masika hii, hili ndilo zuri kuliko yote, na jibu lake lingetuokoa wengi kama tungelisikiliza mapema.

Mvua za mwanzo ardhi huzinywa. Zikinyesha siku nane mfululizo, udongo umeshiba, maji ya chini yamepanda, mtaro umejaa tope na mto umefika nusu ya kingo. Milimita 20 za siku ya tisa hazina pa kwenda ila mlangoni kwako. Tena Msimbazi unaanzia huko vilima vya Pugu, Kisarawe. Huku chini mtaani Jangwani panaweza kuwa pakavu na maji yakaja yenyewe. Yakikuta bahari imejaa pale daraja la Selander, mto unapoingia baharini, yanarudi nyuma kutafuta pa kukaa.

Kwa hiyo usihesabu mvua ya leo peke yake. Hesabu jumla. Mamlaka ya Hali ya Hewa huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na taarifa zake hupanda kutoka angalizo kwenda tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Wengi husubiri hiyo ya mwisho ndipo washtuke. Wakati udongo umeshiba, angalizo linatosha kukuhamishia magodoro juu.

Kipimo cha nyumbani hakina gharama. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, kata kichwa chake, kigeuze kiwe faneli ndani ya chupa hiyo hiyo. Kitako cha chupa kina mabonde, na hapo ndipo wengi wanapokosea: tia kokoto, ongeza maji mpaka yafunike mabonde, kisha chora mstari wa sifuri juu ya maji hayo. Kuanzia hapo panda juu na rula, ukichora alama milimita kwa milimita. Kiweke uwanjani mbali na paa na miti, kifungwe kwenye kigingi kisipinduliwe na kuku. Soma saa 3 asubuhi kila siku, andika, mwaga mpaka kwenye sifuri. Siku maji yatakaposimama uani kwa mara ya kwanza, jumlisha milimita za siku saba zilizotangulia. Hiyo ndiyo namba ya kiwanja chako, na hakuna redio itakayokutangazia.

Kumbuka pia kwamba milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 8 kwa 10 likipokea milimita 50 linamwaga lita 4,000, ndoo kubwa 200. Umezielekeza wapi? Kama ni ukutani kwa jirani, usishangae naye akielekeza zake kwako.

Mitaro tunaizibua vibaya. Tunachota tope na kulirundika pembeni, mvua inayofuata inalirudisha. Lipakie kwenye viroba, lihamishwe siku hiyo hiyo. Kalvati ipitishiwe nondo ndefu mpaka itokee upande wa pili, kwa sababu kalvati iliyoziba ni bwawa lisilo na mlinzi. Mai Mahiu, Kenya, Aprili 29 mwaka 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuziba. Tuta lilipoachia, yaliwakuta watu usingizini.

Viroba vya mchanga navyo vina ufundi wake. Tumia mifuko ya kilo 25. Ule wa kilo 50 ukiujaza mchanga nusu tu, mtu mmoja hauinui. Jaza nusu hadi theluthi mbili, basi. Kiroba kilichojazwa pomoni kinakuwa duara kama mtungi, hakilali, na maji hupita kati yake na mwenzake. Usikifunge kamba. Kunja mdomo, ubaki chini ya kiroba chenyewe, uelekee yanakotoka maji. Kanyaga safu ya kwanza mpaka ishikane, halafu panga ya pili kama fundi apangavyo matofali, kiungo kisikae juu ya kiungo. Upande wa maji tandika nailoni nzito, pindo lake la chini libanwe na safu ya kwanza. Ukitaka kwenda futi 2 juu, kitako kiwe na upana wa futi 6, la sivyo vitasukumwa vyote kwa pamoja. Na mchanga usiuchimbe kwenye kingo za mto au kando ya msingi wako. Nalisema kwa sababu watu hufanya hivyo hivyo.

Halafu jambo ambalo watu hubishana nalo: maji ya nje yakizidi ya ndani kwa sentimita 60, yaache yaingie. Futi hizo 2 husukuma kila mita ya ukuta kwa nguvu kama ya kilo 180. Yakifika mita moja ni kilo 500. Ukuta wa tofali za inchi 6 umejengwa kubeba paa, haukujengwa kusukumwa ubavuni. Watu wametoka, fungua mlango, sakafu ilowe. Sakafu hukauka.

Kabla ya hapo uwe umezima meni suichi, ukiwa na mikono mikavu na umesimama pakavu. Kama sakafu imeshalowa, usiiguse, piga simu TANESCO. Yuniti zako za LUKU hazipotei kwa kuzima umeme. Tangi la plastiki lililo tupu lijaze maji, vinginevyo linaelea na kung'oa mabomba.

Sasa vyoo. Shimo linanyonywa Februari, kabla ya masika. Ukilinyonya katikati ya mvua na halijajengewa kuta, maji ya ardhini hulisukuma toka nje, nalo hubomoka. Lakini wapo wanaosubiri mafuriko kwa hamu, wanatoboa ubavu wa shimo usiku na kuliacha litiririke. Kutapisha, tunaita, na tunalitaja tukicheka. Huyo aliyetapisha choo saa 8 usiku, asubuhi mwanawe anavuka maji hayo hayo kwenda shule, na kisima anachochota mke wake kiko hatua 30 chini ya shimo. Kipindupindu kikiingia mtaani tunalaumu serikali. Inayo yake ya kujibu, ndiyo. Hili ni letu.

Maji ya kunywa baada ya mafuriko yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, maana tope hula dawa kabla haijafika kwenye vijidudu. Kisha yachemshe yatokote dakika moja kamili, au tia kidonge cha kutibu maji kwa kipimo cha pakiti yake, usubiri dakika 30. Vidonge vina ukubwa tofauti, usikisie. Kisima kilichofunikwa na mafuriko hakinyweki mpaka kikaushwe na kutiwa dawa.

Barabarani ni kifupi: maji ya kasi ya sentimita 15 humwangusha mtu mzima, ya 30 huinua gari dogo. Hujui kama lami bado iko chini yake.

Walio miteremkoni, mfano wao ni Katesh, chini ya mlima Hanang, Desemba 3 mwaka 2023, matope yaliposhuka juu ya makazi. Kila asubuhi ya msimu mrefu wa mvua, zunguka nyumba. Ufa mpya ardhini, mlango ulioanza kugoma kufunga, nguzo iliyoinama, chemchemi iliyogeuka rangi: kila kimoja ni sababu ya kulala kwingine usiku huo. Na kama mvua inaendelea kunyesha huku mto ukishuka ghafla, usiende kuushangaa. Kuna kitu kimeziba huko juu. Panda upande, mbali na mkondo, sasa hivi, na vyombo uviache.