Mbwa Wangu Hapewi Makombo ya Karamu

Dada mmoja wa Likoni ameniandikia. Ana mtoto wa mbwa wa miezi minne anayetafuna slipa, miguu ya viti, hata mkeka wa mama mkwe. Anauliza kama ampe mifupa ya supu ili atulie. Swali hili naletewa kila mara, na kila likija hunigusa pabaya.

Dada yangu, huyo mtoto si mkorofi. Mtoto wa mbwa huota meno 28 ya utotoni, na kuanzia mwezi wa nne hivi hadi wa sita meno hayo hung'oka kupisha 42 ya ukubwani. Ufizi unamsumbua. Kutafuna atatafuna, utake usitake. Lako ni kuamua anatafuna nini.

Mifupa ya supu, hapana. Nakwambia kwa uchungu.

Tulikuwa na shughuli kwetu Bamburi, uani watu tele, kuku wa kuchoma, mishkaki, pilau. Chui, mbwa wangu, nilimfunga nyuma ya nyumba, na wageni niliwaambia waziwazi: mbwa asipewe kitu. Jamaa yetu mmoja, mtu mzima mwenye mvi zake, akaenda kummwagia sahani nzima ya mifupa ya kuku. Nilipomuuliza alicheka. Mbwa ni mbwa, akasema, babu zetu waliwapa mifupa na hawakufa.

Kesho yake Chui hakugusa chakula. Akawa anatapika, mgongo ameukunja, anajikamua na choo hakitoki. Eksirei ikaonyesha vipande vya mfupa vimekwama utumboni, na daktari wa mifugo akampasua usiku uleule. Namshukuru Mungu alipona, na leo analinda geti kama zamani. Jamaa yule mpaka sasa hajaniambia hata pole. Kwake nilitupa pesa kwa ajili ya mnyama. Na hao mbwa wa babu zetu, wangapi walikufa vichakani wakasemwa wamelishwa sumu? Nani aliwapasua akatazama?

Mfupa ukipikwa hukauka na kuwa mwepesi kuvunjika, na ukivunjika hutoa ncha kali. Uwe umechemshwa, umechomwa au umekaangwa, ni hatari ileile, na wa kuku ndio mbaya zaidi. Sisi wa pwani tuna mengine ya kuangalia. Kijiti cha mishkaki kina harufu ya nyama, mbwa hukimeza kizima na kinaweza kutoboa tumbo. Gunzi la mahindi ya kuchoma halimeng'enyeki. Likishuka linaziba utumbo. Ukirudi kupunga upepo Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, magunzi yako yatie kwenye pipa lenye kifuniko. Makumbi ya dafu nayo nimeona watu wakimpa mbwa achezee. Zile nyuzi akizimeza hujisokota tumboni, sawa na nyuzi za kamba kuukuu.

Wengine hukimbilia mfupa mbichi wa mguu wa ng'ombe wakidhani ubichi unatosha. Mfupa ule ni mgumu kuliko jino. Linalovunjika mara nyingi ni lile gego kubwa la juu, na mbwa haleti malalamiko, anavumilia tu na maumivu yake. Kabla hujampa chochote, kibonyeze kwa ukucha. Ukucha usipoacha alama, hicho hakimfai. Pingili ya mfupa wenye uboho pia usimpe, humnasa kwenye taya la chini.

Ukishikilia kumpa mfupa, usiwe ule wa mguu; uwe mbichi, wenye nyama, mkubwa asioweza kuuingiza mdomoni wote, umetoka buchani siku hiyohiyo. Kaa naye. Akimaliza nyama, uchukue. Kwa joto letu mfupa ulioachwa uani umeoza kabla ya jioni, na vijidudu vyake vinafika hata mikononi mwa watoto.

Mimi siku hizi nanunua mpira. Mwaka 1976 Mmarekani Joe Markham alianzisha KONG, mpira mgumu wenye uwazi ndani, baada ya kuona mbwa wake Fritz anapenda kutafuna kipuri cha mpira cha gari la Volkswagen. Wa Chui naujaza wali na dagaa wasio na chumvi, nauweka kwenye friza, nampa jua likiwa kali. Anahangaika nao muda mrefu sana, na viti vyangu vimesalimika. Chagua saizi asiyoweza kuipitisha nyuma ya magego, na ukianza kumeguka utupe. Ile ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa na kukunjwa siileti nyumbani: vipande vyake hulainika na kuvimba, vikamkaba au vikaziba tumbo.

Kwa mtoto wako, dada, tafuta mpira laini wa watoto wa mbwa. Ukikosa, loweka kitambaa kizito, kikunje, kigandishe, mpe ukiwa umekaa hapo, kisha ukiondoe. Wageni wakija, mbwa afungiwe ndani ya chumba na ufunguo ukae nawe.

Na ikitokea amemeza mfupa, halafu anatapika, amegoma kula au anajikamua bure, usimnyweshe mafuta wala maziwa ukidhani yatauteremsha. Usimtapishe pia, ncha zitamchana koo. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, umweleze alimeza nini na saa ngapi, na kama kimebaki kipande, kichukue uende nacho.