Usikimbilie Mng'aro: Ninavyoupiga Msasa Mpira Wangu wa Bolingi

Mpira wangu wa kwanza wa bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito kuangusha pini, niliuua kwa mapenzi. Ulikuwa umecheza msimu mmoja tu, umefifia, umechubuka hapa na pale, nami kwa ujanja wangu nikanunua chupa ya polishi na kuusugua jioni nzima mpaka nikaona pua yangu ndani yake. Jumatano nikaenda nao ligi kifua mbele. Ukateleza kama sahani yenye sabuni, ukagoma kabisa kukata kona, ukaangusha pini mbili za pembeni. Mzee mmoja wa timu yetu akaupapasa kwa kidole gumba, akaniuliza, "Ulitoka kiwandani uking'aa hivi?" Nikabaki kimya.

Nawaandikia hasa tulioko huku Marekani, ambako ukijiunga na ligi ya kazini haupiti muda kabla hujanunua mpira wako mwenyewe. Kinachotuponza wengi ni kudhani upya wa mpira ni mng'aro. Upya wa mpira ni namba. Mwingine hutoka kiwandani umepigwa msasa namba 2000 na kuachwa mkavu, hauna mng'aro wowote, na ndivyo unavyotakiwa kuwa. Mwingine ni 1500 halafu polishi juu. Namba hiyo ipo kwenye tovuti ya mtengenezaji, mara nyingi imeandikwa kwa hatua, mfano 500, 1000, 2000. Itafute kabla hujagusa chochote. Msasa wenye namba ndogo unakwaruza zaidi, na mpira uliokwaruzwa unaishika sakafu mapema. Ukiulainisha, unateleza mbali kwanza, ndipo unageuka.

Tunauita mpira kwa mazoea tu, ingawa zamani ulikuwa mpira kweli: Mineralite ya kampuni ya Brunswick, iliyotoka mwaka 1914, ilikuwa ya raba ngumu. Mipira mingi ya ligi siku hizi ina ganda la resini, yaani utomvu wa kiwandani ulioganda, aina iliyoenea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na resini hiyo ina vinyweleo kama ngozi. Leni, yaani njia ya mbao au sintetiki unakopita mpira, ina urefu wa futi 60 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele, na kiasi cha futi 40 za mwanzo hupakwa mafuta. Kila unaporusha, ganda linanyonya. Wakati huohuo ile mikwaruzo midogo inasagika pale mpira unapogusana na sakafu. Ndiyo maana mpira unakufa taratibu, nawe unalaumu mkono wako.

Kwa hiyo mafuta kwanza, msasa baadaye. Ukianza na msasa unasugua juu ya uchafu. Mimi naziba matundu ya vidole kwa mkanda usiopitisha maji, najaza ndoo maji ya moto ya bomba, natia matone machache ya sabuni ya vyombo, nauzamisha mpira kwa dakika 20 hivi. Maji yasizidi nyuzi 60 za Selsiasi. Ukiutoa utaona mpira unatoka jasho: vitone vya mafuta vinavimba kwenye ile mistari ya pale unapogusana na sakafu, vinanata kidoleni. Futa upesi kabla haujapoa na kuvinyonya tena, badilisha maji, rudia. Wangu ule uliochakaa ulihitaji mara nne. Tafadhali usiuweke kwenye oveni wala mashine ya kuoshea vyombo. Nimeona mpira uliopasuka kutoka tundu hadi tundu kwa sababu mwenyewe alikuwa na haraka. Kama wako ni wa plastiki, ruka hatua hii. Plastiki hainywi mafuta.

Nyufa na mashimo makubwa mpelekee fundi, usijifunzie hapo.

Sasa msasa. Mti wenyewe wa msasa, ambao mafundi seremala walitumia majani yake kulainishia mbao, ungetosha kutufundisha kazi hii: mkono mwepesi, kazi ndefu. Mimi natumia pedi za msasa za Abralon, zinazotengenezwa na kampuni ya Mirka ya Ufini, na nazilowesha maji. Ukiwa na mashine ya kuzungushia mpira, kazi ni rahisi. Mimi sina, naukalisha kwenye taulo lililokunjwa kama kata ya kubebea ndoo. Ugawe mpira pande sita kama dadu, kila upande usugue kwa muda uleule na nguvu ileile. Mimi nahesabu mpaka 60 kwa sauti, mke wangu ananicheka. Ukimaliza pande zote kwa namba moja, futa ule uji wa kijivu wote ndipo uchukue pedi inayofuata, la sivyo chembe kubwa zitachora juu ya kazi ya pedi laini. Kwa mpira uliochoka kawaida naanza na 500. Namba 180 inakula ganda sana, iache. Na ukikaribia matundu, lainisha mkono, usije ukazila kingo zake.

Polishi ni mwisho kabisa, na ni kwa mpira uliotoka nayo tu.

Usisugue ule mstari uliochakaa peke yake, hata kama unakuudhi. Kwa sheria za USBC, chama kinachosimamia mchezo huu Marekani, ukitumia msasa lazima upite uso wote wa mpira, na ufanye hivyo kabla mashindano hayajaanza. Tangu Agosti 2019 hata kuufuta kwa kimiminika katikati ya mashindano hairuhusiwi. Ni taulo kavu tu. Ndiyo sababu taulo langu haliachani na mkoba: nafuta kila baada ya kurusha, na nikimaliza michezo yangu mitatu nausafisha kwa dawa yake ungali na joto. Kwa mwendo huo nauloweka na kuupiga msasa upya kila baada ya michezo kama 60, yaani wiki 20 za ligi.

Na usiuache kwenye buti la gari, si kiangazi wala wakati wa theluji, maana joto kali na baridi kali vyote hupasua ganda. Wangu unalala chini ya kitanda.