Nyumba Mwanza, kituo Dar: usingizi wa ndegeni haulipi deni la usiku

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni rubani msaidizi, naishi Buswelu, Mwanza. Nimepata kazi ambayo kituo chake ni Dar es Salaam. Mke wangu ni muuguzi huku, watoto wanasoma huku, na nyumba ndiyo kwanza tumehamia. Nimepiga hesabu nikaona kwamba kwa tiketi za wafanyakazi naweza kupanda ndege siku ya zamu, nikarudi zamu zikiisha. Wenzangu wanasema safari yenyewe ni fupi, nitalala njiani na kufika nimeshapumzika. Kwa zamu za alfajiri wananishauri nimeze Piriton ili nipate usingizi mapema. Je, mpango huu una tatizo, au nihamishe familia?

JIBU: Marahaba. Familia usiihamishe kwa sasa. Kuishi Mwanza na kufanya kazi Dar kunawezekana, na wapo wanaokumudu. Kinachonipa hofu kwenye barua yako ni maneno matatu: "siku ya zamu". Hapo ndipo mpango wako unapoharibika, na ushauri wa wenzako unauharibu zaidi.

Hili la "nitalala njiani" nimechoka kulisikia. Chukua hiyo safari ya saa moja na dakika kadhaa. Toa kupaa, toa kushuka, toa matangazo na toroli la vinywaji, toa jirani anayetaka kupita kwenda msalani. Umebakiwa na dakika 40 za kusinzia shingo imepinda. Mzunguko mmoja wa usingizi huchukua kama dakika 90. Ni kweli kusinzia dakika 20 au 30 huchangamsha akili kwa muda, na hilo limepimwa kwa marubani wenyewe, lakini hakufidii usiku uliokatwa. Ukipewa kile kiti cha ziada ndani ya chumba cha marubani, hata hizo dakika 40 huna. Umevaa vipokea sauti, redio inaongea, na kapteni aliyekuruhusu kukaa pale ana haki ya kutegemea macho yako.

Halafu kuna hesabu ambayo rosta, yaani ratiba ya zamu, haiioni. Kampuni ikikutuma usafiri kama abiria ili ukaanze kazi mahali pengine, muda huo huhesabiwa kuwa uko kazini. Ukisafiri kwa hiari yako kutoka nyumbani kuja kituoni, hauhesabiwi popote. Saa ya zamu inaanza kutembea unaporipoti.

Tuseme unatakiwa kuripoti saa 9 alasiri. Kwa tahadhari unapanda ndege ya asubuhi, kwa hiyo Buswelu umeamka saa 11 alfajiri. Unafika Dar, unakaa kwenye chumba cha mapumziko cha marubani uwanjani, unakula, unachezea simu. Zamu inaanza, unaruka miguu minne, yaani safari nne za kupaa na kutua, na mguu wa mwisho unatua saa 5 usiku. Karatasi inasema umefanya kazi saa 8. Mwili wako uko macho kwa saa 18. Utafiti wa Dawson na Reid wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Usingekubali kuketi karibu na rubani aliyetoka baa, lakini kwa mpango huu rubani huyo ni wewe.

Zamu ya alfajiri ina mtego wake. Unaripoti saa 11:30 alfajiri, kwa hiyo unaondoka Mwanza usiku wa kuamkia. Ndege ya saa 2 usiku inakufikisha saa 3 na nusu, unatoka uwanjani, unafika unapolala, unaoga. Usingizi unakuja saa 5 na nusu. Kengele inalia saa 9 na nusu. Umelala saa 4, na umeamshwa katikati ya kipindi kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, ambapo mwili unadai usingizi kuliko wakati wowote. Na kwenye kumbukumbu za kampuni umetoka mapumziko ya siku mbili kamili!

Ziwa nalo lina tabia yake, unaijua. Usiku upepo wa nchi kavu hushuka majini kutoka kila upande, hewa yenye unyevu hukutana juu ya ziwa na kupanda, na mawingu ya radi hujengeka kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Ndege ya asubuhi ya Mwanza ndiyo inayoweza kusubiri mvua ipite. Tiketi ya wafanyakazi nayo ni ya kusubiri nafasi. Desemba, watu wakienda na kurudi likizo, utaiona ndege ikiondoka bila wewe. Kanuni inayofaa ni kwamba nyuma ya ndege unayoitegemea pawe na nyingine yenye nafasi ambayo bado ingekufikisha kwa wakati. Kama ipo moja tu, huna mpango.

Yupo atakayekwambia kuwa haya ni maneno ya watu wa ofisini. Mwelekeze kwenye ndege ya Colgan Air 3407, iliyoanguka karibu na Buffalo, Marekani, tarehe 12 Februari 2009 na kuua watu 50. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kupitia Memphis ili afike kituoni Newark. Kapteni, aliyeishi Florida, alikuwa amelala kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani. Wachunguzi walisema chanzo ni kapteni kuitikia vibaya onyo kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea. Walisema pia kwamba uchovu yaelekea ulipunguza utendaji wa marubani hao, ingawa kiasi chake hakikuweza kupimika. Marekani ilibadilisha kanuni zake za mapumziko, na tangu 2014 kila rubani wa mashirika ya ndege za abiria huko hukiri kabla ya safari kwamba yuko fiti kuruka. Safari ya kutoka nyumbani imebaki mabegani mwake mwenyewe.

Sasa Piriton. Anayekupa ushauri huu hajui anachokigusa, na angekuwa mfamasia ningemshitaki kwa wenzake. Ile ni dawa ya mzio. Kusinziza ni athari yake ya pembeni, na usingizi unaoletwa nayo si usingizi kamili. Dawa yenyewe hutoka mwilini polepole, nusu yake huweza kubaki kwa takriban saa 20. Ukimeza saa 2 usiku, unaporipoti bado unayo ya kutosha kuchelewesha mkono na jicho bila wewe kuhisi. Mamlaka ya anga ya Marekani humtaka rubani asubiri siku 5 baada ya kidonge cha mwisho. Siku tano! Na vile vidonge vya usingizi vinavyouzwa mitandaoni na watu wanaojiita madaktari, visivyo hata na jina la kiambato, usiviingize mdomoni. Dawa yoyote, hata ya mafua, muulize daktari wa anga anayekupima afya kwa ajili ya cheti chako.

Kopo la kinywaji cha kuchangamsha nalo ni mkopo. Nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo la saa 10 jioni linakukatia usingizi wa saa 3 usiku.

Ufanye nini? Panga gheto Dar. Miongozo ya Uingereza na Ulaya inasema kwamba safari ya kawaida kutoka makazi hadi kituoni ikizidi dakika 90, rubani afikirie malazi ya muda karibu na kituo. Yako, kuanzia mlango wa Buswelu hadi kuripoti, haipungui saa tatu na nusu. Tafuta Kinyerezi, Segerea au Tabata. Aliyepanga Bunju kwa sababu ya upepo wa bahari hajakuzidi sana, foleni itamla. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, iweke kwenye hesabu zako kabla ya kusaini mkataba. Weka pazia zito, feni, neti, na betri ya kuendesha feni umeme ukikatika. Usichangie chumba na marubani wanaoripoti saa tofauti, kengele ya mmoja huwaamsha wote.

Kwa zamu ya alfajiri, ingia Dar mchana wa siku iliyotangulia, ulale saa 2 na nusu usiku. Siku za kuwekwa akiba, yaani kukaa tayari kuitwa kazini, na anayeanza kazi huwekwa akiba sana, usivuke kurudi ziwani kabisa. Ukiitwa, huwezi kuwahi.

Hili nawaambia marubani wote vijana wa Kanda ya Ziwa, maana wanaoniandikia mambo haya ni wengi. Uchovu unaharibu kwanza ule uwezo wa kujua kwamba umechoka. Kwa hiyo usisubiri kujihisi. Hesabu saa ulizolala katika saa 24 zilizopita na saa ulizokaa macho. Zikikutisha, wapigie watu wa rosta mapema, wakati bado wanaweza kumpata mwingine, na ujaze ripoti ya uchovu siku hiyohiyo ukiandika muda ulioamka, ndege uliyopanda na saa uliyoripoti.