Orodha ya filamu bora za mwaka haifungwi Desemba

Kijana mmoja anayesoma hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kaniandikia juzi: "Dada, shikamoo. Orodha yako ya 2024 umeitoa mwaka umeshapita kitambo, na namba moja umeweka kitu ambacho wenzangu hawajawahi hata kukisikia. Huwa unachaguaje?" Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hadharani kwa sababu wengi mnaonisoma mna orodha zenu, na mnatamani siku moja watu wazifuate.

Nianze na lililoniuma. Kuna mtu wa Dar, anayeheshimika sana kwenye mambo ya filamu, aliwahi kuandika mbele za watu kwamba sisi wa Dodoma tuache kupanga filamu bora za mwaka, maana mpaka zitufikie mwaka wenyewe umekwisha. Watu wakacheka. Mpaka leo nikikumbuka linanikera, kwa sababu hoja yenyewe haina miguu. Hata wakubwa hawakubaliani mwaka wa filamu unaanzia wapi. Casablanca ilionyeshwa New York Novemba 1942, ikasambaa Marekani Januari 1943, na Oscar ikaibeba kama filamu ya 1943. Vuta N'Kuvute yetu, ya Amil Shivji, ilianza Toronto Septemba 2021, halafu ikaiwakilisha Tanzania kuwania Oscar za Machi 2023. Hiyo utaiweka mwaka gani?

Mimi naiweka 2021. Sheria yangu ni kwamba mwaka wa filamu ni ule iliotazamwa na umma mara ya kwanza, popote pale duniani. Wewe unaweza kuhesabu siku ilipoingia sinema, au hata siku ilipofika mikononi mwako. Chagua moja, iandike juu kabisa kwenye daftari lako, na usije ukaipindisha kwa sababu filamu uipendayo imebaki nje.

Baada ya hapo, subiri. Filamu nyingi nzito hutokea kwanza kwenye matamasha, Berlin mwezi Februari, Cannes mwezi Mei, Venice na Toronto kuelekea Septemba, na kuanzia hapo zinatembea taratibu. Anayefunga orodha Desemba amepanga zile zilizotangazwa kwa nguvu. Mimi nafunga katikati ya mwaka unaofuata, na sioni aibu.

Namba moja yangu, Dahomey ya Mati Diop, isingekuwepo kama ningekimbilia Desemba. Haifiki hata dakika 70. Inafuatilia vitu 26 vya kifalme ambavyo Wafaransa walivipora mwaka 1892 kwenye ufalme wa Dahomey, ulioko Benin ya leo, vikarudishwa Benin Novemba 2021. Kitu namba 26 ni sanamu ya Mfalme Ghezo, na Diop kampa sauti. Skrini inakuwa nyeusi tii, na kutoka ndani ya sanduku mfalme anaongea Kifon, lugha ya kwao, kwa sauti nzito ya mtu aliyefungiwa muda mrefu. Niliitazama usiku, hedifoni masikioni, nikabaki nimeshika daftari bila kuandika kitu. Baadaye wanafunzi wa chuo kikuu wanabishana: wapo wanaoshukuru, wapo wanaosema kurudishiwa 26 kati ya maelfu ni kutukanwa. Filamu hiyo ilipata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, mji uleule ambao mifupa ya mjusi mkubwa (dinosaria) wa Tendaguru, kule Lindi, iliyochukuliwa enzi za Wajerumani, imesimamishwa makumbusho mpaka leo. Sasa niambie, Mtanzania anaitazamaje filamu hiyo kama mgeni?

Namba mbili ni Flow, kutoka Latvia. Paka na wanyama wenzake wako kwenye mashua, maji yamefunika dunia, na hakuna neno hata moja linalosemwa. Niliwawekea watoto wa dada yangu pale Nkuhungu. Hawa ni watoto waliozoea muvi zilizotafsiriwa, ambazo msimuliaji hanyamazi. Nilidhani watachoka. Alipotokea yule ndege karani mwenye miguu mirefu, mdogo wao akasimama, akaanza kumuonya paka kwa Kiswahili. Hicho nimekiandika usiku uleule. Andika usiku uleule, nasisitiza, kabla hujasoma mtu mwingine amesema nini.

On Becoming a Guinea Fowl ya Rungano Nyoni, Mzambia, inafuata. Binti anarudi nyumbani usiku, anakuta maiti ya mjomba wake imelala barabarani, na kuanzia hapo ni msiba mtupu, wanawake jikoni, mashangazi wakimsakama mjane mdogo, na siri ambayo kila mtu anaijua. Cannes ilikuwa Mei 2024, sinema za Marekani Machi 2025, kwa hiyo wengi wameiweka mwaka mwingine. Nimeitazama mara mbili, na mara ya pili ndipo nilipomuona yule mjane vizuri. Tazama mara mbili, ndugu zangu. Filamu inayopungua ukiirudia, ishushe bila huruma.

Na muache kuomba ruhusa. Kijana wa Dodoma anayeandika kila anachokitazama, kwa tarehe na kwa maneno yake mwenyewe, ana haki ya kupanga mwaka sawa na mkosoaji wa Paris. Orodha ya kunakili majina ya washindi wa tuzo haina mwenyewe. Weka filamu ya jirani, weka ya kwetu ikistahili, na isipostahili iache nje, hata kama mwongozaji ni rafiki yako.

Umeniuliza pia kama Anora, ile ya binti anayeuza mwili, nimeishusha kwa sababu ya maadili, ilhali ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, Mei 2024 na Oscar ya filamu bora Machi 2025. Hapana. Iko namba saba kwa sababu katikati inazunguka palepale muda mrefu mno. Dakika zake za mwisho ndani ya gari ndizo zilizoiingiza kwenye kumi.