Pampu nzima tunaifungua ya nini?

SWALI: Habari za kazi. Mimi fundi wa zamu kiwandani, bosi wetu kaamua kila miezi sita pampu zote zifunguliwe beringi zibadilishwe hata kama haina shida, sasa kila tukimaliza sevisi haipiti wiki lazima moja ianze kupiga kelele. Nikisema hii nzima tuiache naambiwa mvivu na nachezea usalama wa watu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Pole ndugu yangu, wewe sio mvivu kabisa. Hayo unayoyaona watu wa ndege waliyaona zamani. Mwaka 1978 Nowlan na Heap wa United Airlines walitoa ripoti, wakaonyesha vifaa vya ndege vinavyochakaa kwa umri ni kama asilimia 11 tu, tena asilimia 68 hatari yake kubwa iko mwanzoni kabisa, kikishatulia kinaenda tu. Pampu sio ndege, lakini hebu angalia mikono yako siku ya sevisi, beringi iliyokuwa inazunguka vizuri unaing'oa, mpya inaingia na chembe ya mchanga kwenye grisi, mwingine anaipiga nyundo ipende isipende iingie, shafti mnairudisha haijanyooka sawasawa na ya mota, halafu wiki ijayo mnashangaa inalia!

Kwa pampu hizo pima mtetemo na joto, fungua ikionyesha dalili. Ila na bosi usimpuuze, maana vipo vitu vinakufa kimya kimya. Valvu ya kuachia presha ikiganda nani atajua? Pampu ya akiba, ile ya zimamoto, alamu, hivyo vyote vinaweza kuwa vimekufa miezi na kazi inaendelea kama kawaida mpaka siku mnavihitaji. Hivyo ndio vya kuvijaribu kwa ratiba bila kuruka hata mara moja, na hapa mimi sina mjadala na mtu.

Halafu kila mkifungua kitu, zamu inayoingia ijue. Piper Alpha, mtambo wa mafuta baharini upande wa Uingereza, tarehe 6 Julai 1988 pampu moja ilikuwa imetolewa valvu yake ya usalama kwa matengenezo, mahali pake pakawekwa kifuniko, usiku pampu ya pili ikazima na zamu ya usiku hawakujua habari ya ile valvu wakaiwasha ile ya kwanza isiyo na valvu. Gesi ikavuja ikalipuka, wakafa watu 167. Kibali cha kazi, ile karatasi ya matengenezo ya valvu, kilikuwepo, ila hakikuwafikia waliokuwa kwenye usukani usiku ule, na mpaka leo nikiona makabidhiano ya zamu yanafanywa kwa kupungiana mikono getini roho inaniuma.

Sasa kwa bosi usiende na maneno matupu. Chukua daftari la hitilafu, kila pampu iliyokufa andika tarehe iliyokufa na pembeni tarehe iliyofunguliwa mara ya mwisho, mpelekee asome mwenyewe, na siku hiyo hiyo mwombe ratiba ya kujaribu zile valvu.