Kifuu cha kale kutoka Pasifiki: tazama ndani kabla hujauliza bei

Mtu aliyekulia Pangani hafundishwi kifuu. Maji ya mtungini tuliyachota kwa kata, mchuzi tukaupakua kwa upawa, na vifuu vilivyosalia vikawa moto wa jikoni. Ndiyo maana nilisimama, miaka kumi na mmoja iliyopita, nilipokiona kimoja kwenye soko la vitu vikuukuu hapa Hamburg, kimebandikwa kikaratasi: "Afrika Mashariki". Ilikuwa nazi nzima yenye tundu moja juu, na mwili wote umezungushiwa michirizi iliyopinda kama mawimbi. Kwetu sijaona nazi iliyotiwa nakshi ya namna ile. Nikaingiza kidole, kikatoka cheupe. Chokaa. Nikamkumbuka bibi yangu na kijaluba chake cha tambuu.

Muuzaji hakuwa mwongo. Ujerumani ilitawala kwetu na pia kaskazini-mashariki mwa Guinea Mpya, kile kisiwa kikubwa kilicho kaskazini mwa Australia, katika miaka ile ile, tangu miaka ya 1880 hadi Vita Kuu ya Kwanza. Mabaharia, wafanyabiashara na maofisa walirudi na masanduku kutoka pande zote mbili. Mji huu wenyewe ulituma meli kwenda visiwa vya Pasifiki kati ya 1908 na 1910 kukusanya vitu kwa ajili ya jumba lake la makumbusho. Leo wajukuu wanauza kilichobaki darini na hawajui kipi kilitoka wapi. Nilipokipeleka kifuu changu kwa mtaalamu, aliniambia kimetoka Guinea Mpya. Huko nako watu hutafuna popoo kwa chokaa, ila mahali pa jani la mtambuu wengi hutumia tunda lake jembamba. Chokaa huchomwa kutokana na matumbawe au makombe, huwekwa ndani ya nazi au kibuyu, na huchotwa kwa kijiti.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni hiyo moja: anza ndani. Nje kila mtu anaweza kukipamba. Ndani ndiko kitu kilikofanya kazi yake. Kifuu kilichotumika kina mdomo uliolainika upande mmoja kuliko mwingine, kwa sababu mkono hushika palepale kila siku. Kikombe cha Fiji kiitwacho bilo, ambacho hunywewa yaqona, yaani maji ya mizizi iliyotwangwa ya mmea uitwao kava, hujijengea ndani utando unaong'aa, wenye rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Utando huo ni miaka ya vikao. Ukikuta bilo inayosemwa ni ya kale na ndani yake ni kavu kama kifuu kilichotoka kwenye mbuzi ya kukunia asubuhi, iache.

Kisha hesabu macho. Nazi ina macho matatu, na mchongaji hodari huyatumia: hufanya moja kuwa mdomo, au huyafanya uso mzima. Mara nyingi nimeuziwa kibuyu kwa jina la nazi. Kibuyu ni chepesi, ukuta wake mwembamba, na macho hakina. Vibuyu vya chokaa navyo ni vizuri, lakini lipia unachonunua.

Kosa langu kubwa la ununuzi lilikuwa nazi ya maua. Niliambiwa imetoka Visiwa vya Marquesas, katikati ya Pasifiki, nikatoa pesa za miezi mitatu ya kujibana. Ilikuwa na nanga, waridi na meli yenye matanga, kazi safi kabisa. Haikuwa ya Marquesas. Kati ya 1864 na 1897 Ufaransa ilipeleka wafungwa Kaledonia Mpya, kisiwa kingine cha Pasifiki, na baadhi yao walichonga nazi ili kuziuza. Nazi za maua kama hizo zilichongwa pia Guyana ya Ufaransa na Amerika ya Kilatini. Zina historia yake, nami ile sijaiuza, lakini si sanaa ya watu wa visiwa. Wachongaji wa Marquesas hujaza uso wote wa kifuu kwa vigawanyo na sura za tiki, yaani umbo la mtu, zenye macho makubwa ya mviringo, nakshi zilizo ndugu wa tatuu za miilini mwao. Ukitaka kuzoeza jicho, tafuta picha za vitu alivyokusanya mtafiti Mjerumani Karl von den Steinen huko mwaka 1897 na 1898. Zitazame mpaka uzichoke, ndipo urudi sokoni.

Kuna kosa lingine ambalo bado linaniuma. Kifuu kile cha kwanza nilikipaka mafuta ya nazi, kama ambavyo mama angefanya kwa upawa uliokauka. Chokaa iliyokuwa ndani ya michirizi ikanywa mafuta, ikawa njano, na haitarudi kuwa nyeupe. Usipake kitu. Usioshe kwa sabuni. Brashi laini na kavu inatosha. Usikiweke karibu na mashine ya kupasha nyumba joto, maana kifuu kikikauka ghafla hupasuka. Kamba au kifuniko cha nyuzi kikiwa na wadudu, funga kitu chote ndani ya plastiki, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili.

Mimi si tajiri, na maji ya kifuu ni bahari ya chungu: vitu tisa ndio mkusanyo wangu wote. Vingekuwa kumi. Mwaka juzi nilionyeshwa marupai, hirizi ya Ghuba ya Papua, kusini mwa Guinea Mpya, nazi ndogo iliyochongwa uso na kupakwa chokaa kwenye mistari. Nilikuwa nikiitamani kwa miaka. Muuzaji hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha ilitoka lini. Papua Guinea Mpya ina sheria ya kulinda mali zake za utamaduni tangu 1965, na kitu cha namna hiyo hakitoki bila idhini ya jumba la makumbusho la taifa. Isitoshe, ile ilikuwa dawa ya mtu. Niliirudisha mezani. Vilevile kagua vipambo: ng'amba na jino la nyangumi haviuzwi wala kuvushwa mpaka kiholela, hata vikiwa vidogo kama ukucha.

Kila ninachonunua nakiandikia karatasi siku ileile: tarehe, mahali, bei, na maneno ya muuzaji kama alivyoyasema, hata kama najua amekosea. Karatasi hukaa pamoja na kitu chake. Kile kikaratasi cha "Afrika Mashariki" nacho bado kipo, ndani ya bahasha, chini ya nazi ya chokaa.