Fundi mdogo na chemba ya biashara

Dada, umeuliza kama mshona mikoba wa Kariobangi ana haja ya kujiunga na chemba ya biashara, yaani chama cha wafanyabiashara. Ana haja sana, mradi asilipe ada kisha akae nyumbani. KNCCI, chemba ya kitaifa ya biashara na viwanda ya Kenya, ilianzishwa 1965, ina matawi katika kaunti zote 47, na hutoa cheti cha kuonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, ambacho wanunuzi wengi wa nje hukidai. Mikutano ya tawi la Nairobi nenda na mkoba mkononi: watu waushike, wavute zipu, wakague mshono, waulize bei. Oda huanzia hapo. Tena ulizia AGPO, mpango wa serikali wa kuyapa makundi maalum nafasi ya zabuni, maana asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.